Mnara Unaosubiri

Nilitaka kuwa mwongoza ndege, na nina kigugumizi. Nayaweka mawili haya mwanzoni ili msomaji asidhani kuna siri inayokuja. Jang'ombe nzima, mtaa wetu wa Unguja, ilikuwa ikiyajua yote mawili, na wengi waliona yanachekesha.

Wakati wa kusi ndege zilishuka kwa juu ya mapaa yetu kuelekea uwanjani, chini kiasi kwamba mama alilizuia neno mdomoni mpaka zipite. Kaskazi ikianza zilihama, zikawa zinaingia kwa upande wa pili wa kisiwa, na mtaa ukabaki kama nyumba iliyoondokewa na wageni. Ndani tulikuwa na redio kubwa ya masafa mengi. Ukiizungusha sindano yake kwa subira ulifika mahali ukausikia mnara wa uwanja ukisema na marubani. Kilikuwa Kiingereza kikavu, namba tupu na upepo, nami nilikielewa hicho kabla ya kukielewa cha darasani.

Kulikuwa na sauti moja ya mzee. Wenzake walifanya kazi mnarani; yeye kwangu alikuwa mnara wenyewe. Marubani wa ndege ndogo za kutoka Dar, wakishamaliza Kiingereza chao, walimtupia "Shikamoo, mzee," naye aliitika "Marahaba" akaendelea na upepo wake. Siku moja mchana rubani mmoja, ambaye kwa sauti tu ulijua ni mgeni kazini, alikwama akirudia maelekezo aliyopewa. Alisema neno, akaliacha, akalianza upya, akanyamaza. Nilikuwa nimeipakata redio, moyo unanienda mbio kana kwamba aliyekwama ni mimi. Mzee hakumkatiza. Kimya kilipokuwa kirefu alisema kwa Kiswahili, "Taratibu, mwanangu. Nipo." Yule rubani akamaliza maneno yake.

Neno hilo "nipo" ndilo lililoniharibu. Nilijiambia kwamba duniani kuna kazi ya kumsubiri mtu mpaka amalize, na kazi hiyo inafanywa kilomita chache kutoka kwetu. Sikujiuliza siku ile kulikuwa na ndege ngapi angani.

Asiye na kigugumizi hajui shikamoo ni mlima gani. Kwetu huanzi lolote na mkubwa wako kabla hujamwamkia, na mtoto apitaye kimya anaonekana hakufunzwa, lawama anabeba mamaake. Mimi nikimwona mzee yeyote barazani toka mbali nilianza kuliandaa neno. Nikimfikia lilikuwa limeganda pale pale kwenye "sh", taya linatetemeka, naye ananitazama usoni, nami nainamisha kichwa na kupita. Nyuma nasikia: "Kiburi cha mtoto huyu! Kakipata wapi?" Nikajifunza vichochoro visivyo na baraza. Mpaka leo naweza kukutembeza kutoka Jang'ombe hadi Mji Mkongwe bila ya kukutana na mtu mzima aliyekaa.

Mama alinitafutia dawa za kila namna. Nilinywa makombe ya zafarani, aya zilizoandikwa kwenye sahani nyeupe kisha zikaoshwa kwa maji ya marashi. Nilifundishwa dua ya Nabii Musa ya kufunguliwa fundo la ulimi, na ajabu ni kwamba dua naisoma moja kwa moja bila ya kujikwaa. Nikiwa peke yangu nasema chochote. Fundo linakuja na mtu.

Nilipomaliza kidato cha nne sikuwa na pa kwenda, nikawa nashinda kwenye karakana ya rafiki yangu Mji Mkongwe, kichumba cha chini katika nyumba ya zamani ambapo alitengeneza kompyuta za watu. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, na kompyuta zilizofika kwetu zilikuwa zile walizozichoka wenzetu. Rafiki yangu alijua vyuma. Mimi nilijifunza programu, peke yangu, kwa kufungua mafaili na kuyaharibu. Katika sidii alizoachiwa na wateja tukakuta mchezo wa kurusha ndege. Unguja ilikuwemo, kijani kitupu kisicho na nyumba hata moja, na uwanja wetu ulikuwemo, na mnara uliongea. Aliongea mgeni mmoja mwenye haraka. Usipomjibu mara moja alirudia; usipojibu tena alikukaripia, halafu akakufutia ruhusa ya kutua.

"Hata kwenye mchezo unafokewa, yakhe," rafiki yangu alisema, akacheka mpaka akashika meza.

Yeye ndiye aliyeniuma sikio kwamba mtandaoni kuna watu wanaotengeneza nyongeza za mchezo ule, na nyongeza moja ilikuwa ya waongoza ndege tu. Iliweza hata kusikia: ulisema kwenye maikrofoni nayo ikakuelewa, ikakujibu. Watengenezaji walikuwa na baraza lao mtandaoni, na yeyote aliyetaka aliruhusiwa kuirekebisha. Wakati huo huo tangazo la kutafuta vijana wa kusomeshwa uongozaji ndege lilikuwa limebandikwa, na usaili ungefanyika baada ya Idi Kubwa. Nikapanga hivi: nitautengeneza mnara wa Unguja ndani ya nyongeza ile mpaka uwe kama ule wa redioni, nitazungumza nao kila siku, na siku ya usaili ulimi wangu utakuwa umezoea. Nilimweleza mama. Ilinichukua muda kumweleza. Alisema, "Inshallah utapata, mwanangu," akageuka kupuliza moto wa jiko, na mkaa ulikuwa umeshawaka vizuri.

Sauti ya mnara ilibidi itengenezwe kwa vipande. Unarekodi kila namba peke yake, kila herufi, kila jina la mahali, kisha programu inavishona vipande kuwa sentensi. Nilipoelewa hivyo nilikaa kitako sakafuni. Kama ni neno moja moja, basi ninaweza kuwa mimi.

Karakana ilikuwa na stoo ya ndani, kuta za mawe na chokaa nene kama dhiraa, na humo ndimo nilimorekodi. Hata hivyo mji haukubali kunyamaza. Kikombe cha muuza kahawa kiligongwa nikiwa katikati ya namba tisa, kengele ya baiskeli ikaingia kwenye upepo wa kusini, na kila nikikaribia kumaliza mlolongo waadhini walianza, msikiti mmoja, kisha wa pili, kisha yote. Nilingoja, nikasali, nikarudi kuanza upya, kwa sababu sauti niliyorudi nayo kutoka msikitini haikufanana na niliyoondoka nayo. Kile kitaa chekundu cha kurekodi nacho kilikuwa mtu. Kikiwaka, fundo lilikuja. Nilikifunika kwa kipande cha kofia ya zamani.

Naogopa kusema nilivyokuwa. Nililirekodi neno moja mpaka likapoteza maana, nikalala nalo, asubuhi nikalifuta. Maneno yalipokamilika nikagundua kwamba sauti ile haipumui. Mtu anayesema sentensi nzima huvuta pumzi mahali, na yangu, kwa kuwa ilishonwa, ilitiririka kama bomba. Nikarekodi pumzi. Nilikaa stoo nikivuta na kutoa hewa mbele ya maikrofoni, na rafiki yangu alifungua mlango akanikuta hivyo.

"Unazaa?" akauliza.

Akaufunga mlango taratibu, nikamsikia akimwambia mteja, "Fundi mwenzangu yuko leba."

Sauti ilipokuwa tayari niliigeukia tabia. Hapo ndipo nilipoweka kile nilichokiona ni sehemu bora ya kazi yangu yote. Niliufanya mnara usubiri. Ukimpa rubani maelekezo naye asijibu, haumkaripii wala haumfutii ruhusa. Unakaa. Baada ya kimya kirefu unasema, kwa sauti yangu, "Taratibu. Nipo." Kisha unakaa tena. Haumgeukii mwingine mpaka huyu amalize, kwa sababu kwetu humwachi mtu na neno mdomoni ukaanza kusema na mwenziwe. Huko ni kumdharau.

Nilijaribu nikiwa rubani, peke yangu, stoo. Niliposema sawasawa ulinijibu sawasawa. Halafu nikamwita rafiki yangu akae karibu, ili fundo lije. Likaja. Nilikwama kwenye jina la ndege yangu, shingo imenikakamaa, na mnara ukasubiri. "Taratibu. Nipo." Nikasema lote. Ukanipa ruhusa ya kutua, nikatua, nikalia, na rafiki yangu kwa mara ya kwanza hakupata la kuchekea.

Nilipeleka nakala kwenye baraza la mtandaoni. Waliandika kwamba sauti ni safi kuliko zote walizonazo, wakauliza mwenye sauti ni nani na kama anaweza kuwasomea viwanja vingine. Sikuwajibu. Niliyasoma maneno yale mara nyingi sana, kwa hofu, kama mtu aliyepokea sifa za mwengine.

Jumapili moja rafiki yangu alibeba kompyuta mpaka kwetu ili mama asikie. Mama alikaa mkekani, akajitanda kanga vizuri kama anayepokea mgeni. Sauti ikatoka: namba, upepo, ruhusa, pumzi mahali pake.

"Mashaallah," alisema. "Maneno yanamtoka kama maji. Nani huyu?"

Nikafungua mdomo. Rafiki yangu aliona nimekwama, akasema, "Mwanao huyo, Bi mkubwa."

Mama alinitazama, akaitazama kompyuta. "Usinitanie, baba. Mwanangu namjua."

"Wallahi ni yeye. Kashonwa."

Aliomba aisikie tena. Aliinamisha sikio karibu kabisa, na nilipoona machozi sikujua anamlilia nani, yule au mimi. Usiku ule alinitengenezea kombe jingine. Alikuwa ameamini. Ikiwa maneno yale yote yamo ndani yangu, alisema, basi usaili ni kuyatoa tu.

Ikabaki jambo moja. Rafiki yangu alitaka tuujaribu mnara kwa anga iliyojaa. "Tia ndege za mkesha wa Idi," alisema, "pale Dar nzima inaporudi kwao." Nikazitia, ndogo na kubwa, zote zinakuja kwa pamoja kutoka upande wa Dar. Yeye akawa rubani wa ya mbele. Mnara ukamwita, ukampa maelekezo. Badala ya kujibu akavua hedifoni, akatoka zake nje kununua urojo.

Nilibaki mimi na kioo. Mnara ulisema, "Taratibu. Nipo." Nyuma yake ndege zilizidi kusogea. Marubani wa zile nyingine waliita, mmoja baada ya mwingine, na mnara haukuwasikia, ulikuwa unamsubiri mtu aliyekuwa kichochoroni akitiliwa ndimu kwenye urojo wake. Alama mbili kwenye kioo zikawa moja. Kisha zikatoweka. Kisha nyingine mbili.

Aliporudi na bakuli lake alisimama nyuma yangu akitafuna bajia. "Mnara wako muungwana mno," alisema. "Umemaliza watu kwa adabu."

"U... u... ulitoka makusudi."

"Nilitoka, ndiyo. Na rubani akizimia? Redio yake ikifa? Utamsubiri mpaka lini?"

Nilikuwa na majuma machache kabla ya usaili, na haya ndiyo niliyoyafanya nayo. Kuugusa mnara sikuthubutu. Niliigusa anga. Nilizipunguza ndege mwendo. Nilizitenga mbali mbali, nikaziongezea mafuta, nikazipa mizunguko mikubwa baharini ili zisikutane. Kila nilipozidisha ndege moja nilitafuta njia nyingine ya kuifanya isifike. Rafiki yangu alinitazama siku nzima bila ya mzaha, mwishowe akasema, "Yakhe, unaibadilisha dunia ili usibadilishe mstari mmoja." Nilimwambia hajui programu. Alikuwa hajui, kweli. Nami nilijua vizuri kabisa ni mstari gani.

Siku ya usaili nilipita vichochoro vyangu vyote mpaka vikaisha. Chumba kilikuwa karibu na uwanja, feni inazunguka, na mezani walikaa watu wawili, mzee wa kanzu na koti na mama mmoja wa makamo mwenye miwani. Nikasimama mlangoni na "sh" yangu. Nilisimama nayo muda ambao sipendi kuukumbuka.

"Marahaba," mzee akaitikia shikamoo ambayo bado haijatoka. "Karibu ukae."

Nikaijua sauti. Nilikuwa nimeisikia toka utotoni, na ilitoka kwenye kifua cha mtu mfupi aliyekuwa na mafua. Laiti angekuwa mtu mwingine yeyote.

Waliniuliza machache, nikajibu kwa kuandika na kwa vipande, nao walikuwa wema. Kisha mzee akakunjua ramani ya kisiwa na kueleza zoezi. Yeye ndege ya kwanza, mama yule ndege ya pili, kila mmoja ataisogeza kalamu yake kuelekea uwanjani, mwendo ule ule. Mimi mnara. Nimwambie mmoja azunguke, mwingine ashuke. Basi.

Nililijua jibu kabla hajamaliza kueleza. Nilikuwa nimeshalisema, vipande vyake vyote, na pumzi yake. Lilikuwa kwenye kompyuta stoo, safi kuliko yote. Wakaanza kuzisogeza kalamu. Mzee akaniita kwa Kiingereza cha redioni. Nikafungua mdomo kulitaja jina la ndege yake, na fundo likaja.

Mzee aliisimamisha kalamu yake. Alinitazama machoni. "Taratibu, mwanangu," alisema. "Nipo."

Nililitaka neno lile maisha yangu yote. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kalamu ya pili. Mama wa miwani hakusimama; hakuambiwa asimame, na ndege hazisimami. Ilipita juu ya bahari, ikapita kisiwa cha Chumbe, inakuja polepole kwenye karatasi, na mimi taya linatetemeka, na mzee ananingoja kwa upole wake wote. Ningeweza kunyoosha mkono niizuie. Niliiangalia mpaka ncha yake ilipoigusa ya mzee. Zikagongana, mlio mdogo wa plastiki. Mama yule akaiinua kalamu yake haraka, akatazama dirishani kama aliyeona jambo la aibu la mtu.

Mzee akapenga kamasi, akakunja ramani kwa mikunjo yake.

"Tungekuwa sisi wawili tu," akasema, "ningekungoja mpaka magharibi."

"N... najua," nikasema. Lilikuwa ndilo neno langu lililotoka bora kuliko yote siku ile.

Nyumbani mama alikuwa mlangoni. Aliuliza kama nimesema. Nikaitikia kwa kichwa. Aliuliza wasaili wamesema nini, nikamwambia wamesema nimefanya vizuri ila wengi wameomba, na sentensi ile ya uongo ilinitoka bila ya kukwama hata mara moja, mama akanitazama kwa muda, akaenda kunipakulia.

Kesho yake nilikwenda karakana, nikaufungua ule mstari. Haikuchukua muda. Rubani asiyejibu, mnara umrudie mara moja. Asipojibu tena umwambie abaki akizunguka, na ugeuke kwa anayefuata. "Taratibu. Nipo" nikaifuta, sauti na maneno. Anga nikairudisha kama ilivyokuwa, mkesha wa Idi, mwendo wake, mafuta yake. Rafiki yangu akavuta kiti akakaa karibu yangu. Nikavaa hedifoni nikawa ndege ya mbele.

Mnara uliniita. Nilijaribu. Ukaniita mara ya pili, kwa sauti yangu, pumzi mahali pake. Nilikuwa nimelifikisha neno kwenye meno. Ukaniambia nibaki nikizunguka, kisha ukamwita aliye nyuma yangu, akajibu, akashuka. Ukamwita mwingine. Wote wakashuka salama, mmoja mmoja, nami nikabaki juu ya bahari nikizunguka na kuisikiliza sauti yangu ikisema na watu, haijikwai popote.

"Sasa umekamilika," rafiki yangu alisema, kwa sauti ya chini.

Nikaupeleka mnara kwa wale wa baraza la mtandaoni jioni ile ile. Waliupokea kwa furaha.